Mashindano ya danki: mwamuzi ndiye huyajenga au huyabomoa

Kila mwezi wa pili, ligi ya NBA ya Marekani inapokusanya nyota wake, vijana wengi wa kwetu hutafuta kwenye simu video moja kabla ya zingine zote: ile ya danki. Mchezaji anaruka, anafika juu ya pete na kuugonga mpira ndani kwa mkono. Kuna mwaka video hiyo inapita simu kwa simu wiki nzima. Kuna mwaka mwingine mtu anaikata katikati na kuuliza: ndiyo hii tu?

Tofauti haiko katika urefu wa kuruka. Pete iko mita 3,05 kutoka chini, tangu zamani hadi leo, na wanaoifikia hawakosekani. Kwa maoni yetu, mashindano haya yanasimama juu ya mambo mawili: hatari ambayo kila mtu anaiona kwa macho, na hukumu ambayo kila mtu anaweza kuiamini. Likikosekana moja, hata kama tribini zimejaa, watu wanarudi nyumbani na uchungu.

Tuanze na mwana wa karibu yetu. Serge Ibaka alizaliwa Brazzaville, na mama yake ni Mkongomani wa upande wetu. Mwezi wa pili mwaka 2011, akiwa mchezaji wa Oklahoma City, aliingia katika mashindano ya danki mjini Los Angeles. Danki yake ya kwanza aliirukia kwenye mstari ule ambapo mchezaji husimama kupiga faulo, karibu mita 4 na nusu kutoka ubao. Katika danki nyingine, kikaragosi cha mtoto kilitundikwa kwenye pete. Ibaka alikitoa kwa meno na mkono wake ukatia mpira ndani.

Aliondolewa katika awamu ya kwanza. JaVale McGee, aliyetia mipira mitatu katika ruko moja, alifika fainali na akashindwa huko. Mshindi alikuwa Blake Griffin, mchezaji wa Clippers, timu ya mji uleule. Katika danki ya mwisho Griffin aliruka juu ya boneti ya gari la Kia, kampuni inayofadhili ligi, huku kwaya ikiimba. Fainali iliamuliwa kwa kura za mashabiki.

Hatusemi Griffin hakuwa na nguvu. Alikuwa nazo, tena nyingi. Lakini aliruka boneti, sehemu ya chini ya gari, wakati kazi ya Ibaka na McGee ilikuwa ngumu zaidi kwa mwili. Hadi leo mashabiki wanabishana kama siku ile ilishinda danki au lilishinda gari. Mashindano yanapoacha swali la namna hiyo nyuma yake, ujue kuna kitu kilichoharibika.

Vitu vya mapambo peke yake si kosa. Mwaka 2025 Mac McClung naye aliruka juu ya gari, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu danki zake zote nne zilipata pointi 50 kila moja na kila mtu aliona sababu. Ilikuwa mara yake ya tatu mfululizo kushinda, baada ya 2023 na 2024. McClung si nyota wa ligi. Muda mrefu wa kazi yake ameupitisha katika ligi ndogo, na urefu wake ni mita 1,88 tu. Kabla yake, mwaka 1986, Spud Webb mwenye mita 1,70 hivi aliwashinda warefu wote mjini Dallas. Mashabiki wanampenda mtu mfupi kwa sababu hatari yake inaonekana wazi: unaiona nafasi kati ya mkono wake na pete, na moyo unasimama.

Kinachoua hatari hiyo ni kurudia. Mwaka 2006 Nate Robinson, mfupi mwingine, alihitaji majaribio 14 ili kumaliza danki moja ya fainali. Alipoitia, furaha ilikuwa imekwisha. Hata hivyo waamuzi walimpa ushindi kwa pointi moja dhidi ya Andre Iguodala, ambaye usiku uleule alipaa kutoka nyuma ya ubao na kutia mpira upande wa mbele. Mtu akishindwa mara 13 halafu akapewa kombe, mwenye kufaulu haraka anajifunza nini?

Na mwaka 2020, mjini Chicago, hukumu iligeuka habari kuliko danki zenyewe. Aaron Gordon aliruka juu ya Tacko Fall, mwana wa Senegali mwenye mita 2,26. Walimpa 47. Derrick Jones wa Miami alipata 48, akachukua kombe. Mmoja wa waamuzi alikuwa Dwyane Wade, aliyechezea Miami miaka mingi, naye alimpa Gordon 9. Pengine aliamua kwa dhamiri safi. Lakini lawama zilimwangukia kwa sababu alikaa kwenye kiti ambacho hakupaswa kukaa. Gordon alisema hatarudi tena. Alikuwa amekwisha kushindwa fainali ya 2016 mbele ya Zach LaVine, nayo wengi wanasema ilikuwa moja ya fainali bora zaidi.

Kwa nini tuyaseme haya Kamina? Kwa sababu mashindano kama haya yanaweza kufanywa hapa bila mali nyingi: pete moja, mpira mmoja, vijana sita na waamuzi watano. Mji wetu ni njia panda ya reli, wageni wanapita kutoka Lubumbashi, Kananga na Kalemie. Sikukuu ya masomo au ya mtaa ingepata watu bila shida. Na Kongo hii haikosi wenye kuruka. Dikembe Mutombo wa Kinshasa na Bismack Biyombo wa Lubumbashi walijulikana duniani kwa kuzuia mipira ya wengine juu ya pete. Anayefika pale kuzuia anaweza pia kufika kutia.

Lakini tukifanya, tufanye vizuri. Kwanza, kila kijana apewe majaribio mawili kwa kila danki, basi. Pili, asiwepo mwamuzi ambaye ni kocha, ndugu au mkubwa wa timu ya mshindani yeyote, na mfadhili asikae kwenye meza ya hukumu hata kama ndiye aliyenunua mipira na maji. Tatu, pointi ziinuliwe juu mbele ya watu baada ya kila danki, zisihesabiwe pembeni na kutangazwa saa moja baadaye.

Jambo la nne ni la chuma. Mwaka 1979 Darryl Dawkins alivunja mbao mbili za vioo kwa danki zake katika wiki chache, na ligi ikalazimika kutumia pete zenye springi zinazoinama na kurudi. Pete nyingi za kwetu zimechomelewa moja kwa moja, hazina springi. Kijana akining'inia pale, chuma kinakunjika au nguzo inalegea, na masomo mazima yanabaki bila basketi kwa miezi. Sakafu nayo ni sima au udongo. Basi kabla ya siku yenyewe, nguzo ipimwe, kifusi kifagiliwe, na anayening'inia bila sababu akatwe pointi.

Kuna watakaosema huu ni mchezo tu, hakuna haja ya sheria nyingi. Hatukubali. Kijana aliyefanya mazoezi miezi mitatu juu ya sima, kwa viatu vilivyoraruka, anakuja kuuliza watu wazima swali moja: nikifanya vizuri kuliko wengine, mtaniona? Tukimjibu kwa kumpa kombe mtoto wa mfadhili, hatasahau, na walioshuhudia hawatasahau pia. Jibu hilohilo atalitegemea siku ya mtihani, siku ya kutafuta kazi na siku ya kura.

Wenye kuongoza basketi katika Haut-Lomami wasingoje uwanja mpya ndipo waanze. Wachague waamuzi watano ambao mji mzima unawaamini, wawatangaze majina kabla ya siku, na waandike sheria kwenye karatasi moja ibandikwe penye nguzo. Kuruka, vijana watajua wenyewe.