Volti 128 za Kwenye Boksi

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi leo kutafuta drili ya betri, muuzaji anakuuliza swali moja tu: unataka ya volti ngapi? Haulizi unakwenda kutoboa nini. Nawe, usiyetaka kuonekana mshamba, unataja namba kubwa kuliko ya jirani. Zamani kidogo watu walitaja 12, wakaja wa 18, wakafuata wa 21, na sasa rafu za Kariakoo zimejaa maboksi ya 48, 88, 98, hata 128. Imani iliyotuingia inamezeka kirahisi: volti nyingi ndiyo nguvu nyingi, na mwenye namba ndogo kanunua mdoli. Nasema imani hiyo ni ya uongo, na wanaokula nayo ni wawili tu, anayechapa boksi na anayeuza boksi.

Tuanzie ndani ya betri. Fungua betri ya drili yoyote ya kisasa ya lithiamu utakuta seli za mviringo, nyingi zikiwa na kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, zilezile unazoziona kwenye tochi za kuchaji. Kila seli hutoa volti 3.6 hivi, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Ukiilazimisha kuvuka hapo, unaitafutia moto. Zikipangwa tatu kwa mfuatano zinatoa 10.8, ambazo biashara imezoea kuziita 12. Zikipangwa tano zinatoa 18, na zikiwa zimetoka kwenye chaji zinasoma 21. Kwa hiyo drili ya 18, ya 20 na ya 21 zote zina seli tano. Kilichotofautiana ni saa ya kupima. DeWalt huuza mashine zilezile Ulaya kwa jina la volti 18 na Marekani kwa jina la volti 20, wala sijasikia kwamba Wamarekani wanamaliza kutoboa mapema.

Sasa chukua ile 128 uigawe kwa 3.6. Unapata seli 35 na ushee. Seli moja ina gramu 45 au zaidi kidogo, kwa hiyo seli peke yake, kabla hujaweka mota, gia wala plastiki, zingepita kilo moja na nusu. Ile ya dukani unainyanyua kwa vidole viwili. Kama hutaki kuvunja mali ili kuhesabu kilichomo, geuza chaja usome maandishi madogo ya mgongoni. Mara nyingi yatakuambia 21. Aliyechapa boksi alisahau kuchapa upya chaja! Na ukiona herufi ya ziada imening'inia nyuma ya namba, 48VF, 128VF, usidhani ni urembo. Hiyo F ndiyo wakili wake: siku ukimbana, atakujibu kwamba hakutaja volti, alitaja jina la modeli.

Ampea-saa nazo zimeingia mchezo huohuo. Seli ya ukubwa ule, hata iliyo bora, hubeba kama ampea-saa 3.5, na zile zinazostahimili kazi ya kunyonywa kwa nguvu aghalabu hubeba pungufu ya hapo. Tano zikiwa kwenye mstari mmoja, betri nzima ina ampea-saa za seli moja. Ukisoma 15 kwenye betri inayojaa kiganjani, hapo umesoma hadithi.

Fundi mmoja hatakosa kunijibu: sawa, tuachane na matapeli, tuseme volti ni za kweli, je, nyingi si bora? Hapana, si peke yake. Betri ndogo ya rimoti ya geti ni volti 12. Betri ya gari nayo ni volti 12. Jaribu kuwasha IST kwa betri ya rimoti. Nguvu ni volti mara ampea zinazotoka, na akiba ni volti mara ampea-saa, yaani wati-saa. Betri ya kweli ya volti 18 yenye ampea-saa 2 ina wati-saa 36. Yenye 5 ina 90. Wanaofunga mizigo Dubai na Guangzhou wanaujua mtihani huu kwa sababu kwenye ndege hakuna anayevutiwa na volti. Kanuni za abiria zinahesabu wati-saa: mpaka 100 unapita, kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika la ndege, na betri ya akiba hukaa kwenye begi la mkononi. Yaani mtu anayepakia abiria anaijua betri yako kuliko aliyekuuzia.

Historia yenyewe inawasuta waumini wa volti. Black & Decker walitoa drili ya betri mwaka 1961, ikitumia seli za nikeli na kadimiamu. Baada ya hapo namba zilipanda miaka nenda miaka rudi, mpaka mwaka 2005 Milwaukee wakaleta mfumo wa lithiamu wa volti 28. Miaka mitatu baadaye kampuni hiyohiyo ikaleta wa volti 18, na huo ndio iliouendeleza mpaka leo. Kama volti ndiyo kila kitu, mtu aliyekwisha fika 28 anarudi 18 kutafuta nini? Alirudi kwa sababu seli na mota zilikuwa zinaboreka, na kazi ileile ikawezekana kwa betri nyepesi zaidi.

Lakini mahali imani hii inapoumbuka kabisa ni ukutani kwetu. Video nyingi tunazojifunzia zinatoka kwenye nyumba za mbao na bodi za jasi, ambako bisibisi nayo ingejitahidi. Nyumba zetu ni tofali za saruji na mchanga, plasta juu yake, nguzo za zege kwenye kona na lenta ya zege juu ya madirisha na milango. Na mtu anayehamia nyumba mpya anaanza na nini? Mapazia. Fimbo ya pazia inakaa wapi? Juu ya dirisha, palepale kwenye lenta. Tofali la kawaida, tena mengi ya mtaani yamenyimwa saruji, linatobolewa na karibu drili yoyote yenye biti ya ukutani. Lenta ni habari nyingine. Hapo ndipo 128 inapopiga kelele mtaa mzima usikie, vumbi jeupe la plasta likadondoka, kisha biti ikagota ndani kidogo tu na kuanza kunukia.

Kinachotokea hapo hakihusiani na namba ya boksi. Drili ya kawaida yenye alama ya nyundo ina visahani viwili vyenye meno vinavyorukiana. Mapigo ni mengi sana, lakini kila pigo ni jepesi, na uzito wake unategemea bega lako mwenyewe. Nyundo halisi ya kutobolea ina pistoni ndani inayobana hewa, na hewa ndiyo inayorusha kipigo kwenye biti. Bosch waliiingiza sokoni mashine ya namna hiyo mwaka 1932. Mwaka 1975 wakaja na SDS, ile biti yenye mifereji mkiani inayoingizwa kwa kubofya na kucheza mbele na nyuma bila kubanwa na taya. Nyundo ya waya ya aina hiyo, yenye wati 800 hivi, hupiga mapigo kama 4,000 kwa dakika, kila moja likiwa na jouli mbili na ushee. Mapigo ni machache, lakini mazito. Zege husagika kwa uzito wa kipigo. Anayeamini volti akigota kwenye lenta anarudi dukani kuuliza kama ile ya 198 imeshafika, wakati alichokosa ni pistoni.

(Ukigota kwenye nondo, hilo ni jingine tena. Sogeza tundu pembeni. Nondo ndiyo inayoshikilia ukuta juu ya dirisha lako, usishindane nayo.)

Sasa mwenye nyumba anunue nini? Kazi zake za kila mwezi ni bawaba ya kabati iliyolegea, kitasa, kitanda cha kuunganisha, rafu ya vitabu, ubao wa kutundikia funguo. Hizo ni kazi za skrubu na mbao. Drili ya kweli ya volti 12, ile ya seli tatu, ina uzito wa karibu kilo moja, inazungusha kwa nguvu ya Nm 30 hivi, na inaingia ndani ya kabati la jikoni ambako ile bunduki ya 128 haigeuki. Wembamba wa reli, treni inapita. Hakikisha ina gia mbili, na ina ile pete yenye namba mbele inayoachia skrubu kabla haijaharibu mbao. Taya za milimita 10 zinamtosha. Ishike taya uitikise: ikichezacheza ukiwa bado dukani, nyumbani itatoboa yai badala ya duara.

Matundu ya kwenye lenta, ambayo ukiyahesabu nyumba nzima ni ya siku moja, tafuta nyundo ya waya. Azima, kodi, au mwite fundi aliye nayo. Najua jibu litakalokuja: na umeme ukikatika? Ukikatika, pazia litasubiri mpaka urudi. Unatundika pazia, huokoi mtu kisimani.

Yupo anayestahili volti 18 za kweli, tena zenye ampea-saa 4 au 5: fundi wa paa, fundi wa madirisha ya alumini, anayefanya kazi saiti ambayo umeme haujafika na anayepiga skrubu kutwa nzima. Huyo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na mtu wa ofisini anayenunua zana ya fundi wa paa kwa ajili ya saa ya ukutani, halafu hata hicho alichonunua si zana ya fundi wa paa.

Na biti, jamani. Tunamkaba mtu dukani kwa ajili ya volti, kisha tunakwenda kutoboa zege kwa zile biti ishirini za bure zilizokuja ndani ya sanduku. Biti ya ukutani inaishi na kufa kwa kipande kigumu cha kabaidi kilichochomewa nchani. Kikiwa duni au kimeshaungua, ongeza volti utakavyo, unasugua tu. Ukinunua biti mbili nzuri, ya milimita 6 na ya 8, drili nyingi zilizolaumiwa zitafufuka.

Wapo watakaosema natetea majina makubwa na kuwadharau wenye kipato kidogo. La hasha. Kati ya drili zisizo na jina pale Kariakoo zimo zinazofanya kazi vizuri, kama drili za seli tano, kwa bei ya drili za seli tano. Zingeandikwa 18 ningewashauri watu wazinunue na nikae kimya. Ninachokataa ni kulipishwa nyongeza kwa sababu ya wino. Anayenibishia ana njia rahisi ya kunishinda. Maboksi mengi ya aina hii yanatumia betri za umbo moja, zinazoingiliana. Amwombe muuzaji achukue betri ya boksi la 48 aichomeke kwenye drili ya boksi la 128, kisha abonyeze swichi mbele ya wateja. Mashine itazunguka kama kawaida. Baada ya hapo amuulize zile volti 80 za tofauti zimebaki kwenye boksi gani, na kwa nini zimo kwenye bei.