Kabla ya Kuhesabu Kuku wa Noeli, Tuhesabu Mikono



Noeli inakaribia hapa kwetu Kamina, mkoani Haut-Lomami, na Bonane, mwaka mpya, iko nyuma yake. Mvua imeshika, mahindi yanasimama shambani. Ndugu wa Lubumbashi wametuma salamu kwamba watakuja. Wa Bukama wataleta samaki. Wa Kabongo na wa Malemba-Nkulu nao hawatakosa. Nyumba iliyokuwa na watu wanane italaza watu ishirini. Kuna furaha gani inayopita hiyo?

Katika nyumba nyingi kati ya hizo yumo mama mwenye mimba. Pengine ni mke wako. Pengine ni mkamwana, dada, au binti wa jirani mnayetumia naye ua mmoja. Tumbo limekuwa zito, miguu inavimba jioni, na bado ndiye anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie leo, kama watu wa nyumba moja.

Naomba kila mmoja ajiulize: siku ya sikukuu, nani anapumzika nyumbani kwetu?

Baba anapumzika, kwa kuwa kazi imefungwa. Watoto wanapumzika, shule imefungwa. Wageni ni wageni. Lakini maji yanahitajika mara mbili ya siku zote, sombe ya kutwanga ni nyingi zaidi, na sufuria ya bukari inasongwa asubuhi na jioni. Kwa mama wa nyumba, sikukuu ni siku ya kazi. Kwa mwenye mimba ni kazi juu ya kazi.

Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya. Ndivyo tulivyozoea, na mapenzi yamo. Yeye mwenyewe hatasema, kwa sababu ya heshima. Mkamwana gani atakaa kitini huku mama mkwe ameinama jikoni? Basi neno litoke kwetu sisi wengine, kabla wageni hawajafika. Kabla ya kuhesabu kuku watakaochinjwa, tuhesabu mikono itakayofanya kazi.

Tuanze na maji. Maji ya bidoni ya lita 20 yana uzito wa kilo 20. Je, nyumba ya watu ishirini inatumia bidoni ngapi kwa siku, ukiweka kupika, kuoga, kufua na kuosha vyombo? Mama mwenye mimba ya miezi minane akibeba hata mbili tu kutoka kisimani, mgongo wake unajua. Lakini baiskeli imeegemea ukutani, na vijana waliotoka mjini wamekaa chini ya mwembe wakipiga hadithi. Baba, waite kwa upole. Wape zamu.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyumbani kwa mama huyu, jembe hilo ni bidoni, mchi wa sombe na fagio la ua. Mgeni hatakasirika. Mtu akipewa kazi nyumbani kwa nduguye, anajua kwamba amepokewa kama mtoto wa nyumba.

Halafu tuitazame sahani. Katika familia kubwa, chakula hutoka jikoni kwa mpangilio: wazee, wageni, wanaume, watoto. Aliyepika hula mwisho, na mara nyingine hukuta mchuzi peke yake. Je, tungeweza sikukuu hii kutenga sahani yake kwanza, na samaki wake, na sombe yake, na embe lake, kabla sinia halijaenda barazani? Hilo halipunguzi heshima ya mzee yeyote. Mzee anayesema, “Mtoleeni kwanza mama wa mimba,” huyo ndiye anayeheshimiwa.

Na pombe? Tunajua sikukuu zetu, tunajua lutuku. Mtoto aliye tumboni hunywa kile anachokunywa mama yake. Tusimlazimishe mama kuonja eti kwa furaha. Apewe maji yaliyochemshwa, au juisi ya maembe.

Jambo la tatu ni kitanda. Wageni wakijaa, nani anawaachia kitanda chake? Nani analala kwenye mkeka sebuleni, chandarua akiwa amempa shangazi aliyetoka mbali? Mara nyingi ni huyu huyu, kwa ukarimu wake. Lakini Desemba na Januari ni miezi ya mvua, na mvua ni mbu. Malaria ikimpata mwenye mimba humpunguzia damu, na mtoto anaweza kuzaliwa mdogo mno. Ndugu zangu, mgeni apewe mkeka mzuri na blanketi safi. Chandarua cha mama wa mimba kisihame kitanda chake.

Sasa tuje kwenye afya yenyewe. Zamani mama alishauriwa kwenda kupima mimba mara nne. Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani linashauri mara nane, na ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kutimia. Huko kliniki ya wajawazito, yaani CPN, anapimwa presha na damu, anapewa vidonge vya kuongeza damu, chanjo ya pepopunda, na Fansidar ya kumkinga na malaria kuanzia mwezi wa nne. Kila ziara ina kazi yake. Je, tarehe yake ya CPN imeangukia kati ya Noeli na tarehe 4 Januari? Basi iandikwe ukutani, karibu na orodha ya manunuzi ya sikukuu. Uliza mapema kama kituo cha afya kitakuwa wazi siku hiyo. Na wewe baba, msindikize. Siku moja ya kukaa naye kwenye benchi itakufundisha mengi.

Kama yeye ndiye atakayesafiri kwenda kwa wazazi wake, fishi yake ya CPN isafiri naye. Muuguzi wa kule hamjui. Karatasi ile ndiyo itakayosema kwa niaba yake.

Hapa nataka niseme jambo ambalo ndilo lililonisukuma kuandika.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama mwenye shida ya uzazi hupotezwa na ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda hospitali. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Angalia vizuri: ule wa kwanza hauhitaji daktari wala barabara ya lami. Uko ndani ya nyumba zetu, na dawa yake tunayo sisi.

Katika familia kubwa, uamuzi hungoja watu. Mama anaumwa kichwa usiku, anaona ukungu machoni. Mkubwa wa nyumba amekwenda ibada ya kufungia mwaka. Shemeji anasema tumngoje. Shangazi anasema ni uchovu wa sikukuu. Ufunguo wa sanduku la pesa uko mfukoni mwa mtu aliyesafiri Kaniama. Kila mmoja anampenda, na kila mmoja anangoja mwenzake. Saa zinapita.

Uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba wakati huo mwanamke wa Kongo alizaa kwa wastani watoto 6.6. Uchunguzi huo huo ulikadiria kwamba kwa kila vizazi hai 100,000, akina mama 846 walipoteza maisha kwa sababu ya mimba au uzazi. Wengi wao wangeweza kuokolewa kama wangefika mapema mahali penye msaada. Watoto wao tunaishi nao, tunawajua.

Kwa hiyo nawaomba kikao kimoja kifupi, kabla ya tarehe 24 Desemba, baada ya chakula cha jioni. Baba awepo, mama mkwe awepo, na mama mwenyewe awepo na asikilizwe. Mwulizane maneno machache tu.

Nani ana ruhusa ya kusema “twende”? Mchagueni mtu mmoja, na wa pili kama huyo hayupo. Akisema “twende,” hakuna kungoja mtu, hakuna kuitisha mkutano. Na mama mwenyewe apewe ruhusa hiyo kabla ya wote, maana mwili ni wake.

Dalili gani zinatufanya tuondoke hapo hapo? Damu kutoka. Kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona giza. Uso na mikono kuvimba. Homa kali. Degedege. Maji kutoka kabla ya wakati. Mtoto kuacha kucheza tumboni. Mzisome kwa sauti, hata watoto wakubwa wazisikie, kwa kuwa pengine wao ndio watakaokuwa nyumbani.

Tutakwenda na nini? Barabara zetu wakati wa mvua tunazijua. Andikeni namba za waendesha pikipiki wawili, sababu mmoja anaweza kuwa safarini. Nanyi vijana wa pikipiki, ninyi ni watoto wetu: kila usiku wa sikukuu, kubalianeni mmoja wenu katika mtaa asinywe, awe tayari. Kesho atapumzika, mwingine atashika zamu.

Pesa iko wapi? Iwekwe kando, isichanganywe na ya kuku na mchele. Kama mko kwenye likelemba, kile chama cha kuchangiana pesa kwa zamu, waombeni wenzenu zamu ya mama huyu isogezwe mbele. Sijui akina mama watakaomkatalia mwenzao jambo hilo. Mwaka 2023 Serikali ilianzisha mpango wa uzazi bila malipo, ukianzia Kinshasa. Ulizeni kituo chenu ni huduma zipi zinazohusika kwenu na ni zipi mtakazolipia, mjipange mkijua.

Na mfuko wake uko tayari? Kitenge, sabuni, nguo za mtoto, fishi. Uwekwe karibu na mlango.

Sisi watu wa Kamina tumekulia kwenye njia panda ya reli. Treni za Lubumbashi, za Ilebo, za upande wa Kabalo na Kalemie, zote zinakutana kwetu. Kwa hiyo tunajua safari. Nani kati yetu huanza kufunga mzigo baada ya kusikia honi? Mzigo hufungwa mapema, ukawekwa mlangoni, hata kama treni itachelewa siku mbili. Uchungu wa uzazi ni hivyo hivyo. Hauangalii kama leo ni Noeli.

Nyumbani si mahali pekee mama huyu anapobeba mzigo. Wewe unayeajiri, kumbuka kwamba sheria ya kazi ya nchi yetu inampa mama wiki 14 za mapumziko ya uzazi. Mpe kwa moyo mweupe. Wewe mwenye duka, mwenye mgahawa au mwenye shamba, ambaye sheria haikufikii kwa urahisi, mpe kiti na mruhusu aende mapema. Mama wa sokoni hana bosi wa kumpa likizo. Likizo yake ni jirani wa meza ya pili anayesema, “Nenda ukalale, mimi nitakuuzia unga wako.” Je, huwezi kuwa jirani huyo?

Wachungaji, mapadri, wakubwa wa makanisa, ibada ya usiku wa mwaka mpya ni ndefu. Mtengeeni mama wa mimba kiti karibu na mlango, na mtangaze mbele ya waumini zile dalili za hatari. Dakika mbili zinatosha, na sauti yenu inasikika kuliko redio.

Na mtoto akizaliwa katikati ya sikukuu? Tutashukuru, tutacheza. Kama ni mapasa, Kyungu na Kabange, furaha itakuwa mara mbili. Lakini wageni wanawe mikono kabla ya kumpokea mtoto, na mwenye kikohozi amsalimie kwa mbali. Mtoto anyonye maziwa ya mama tu, hata maji asipewe, mpaka atimize miezi sita. Mama naye asiachwe peke yake siku ile ya kwanza, kwa sababu damu nyingi ikitoka baada ya kuzaa inaweza kuua kwa saa chache tu. Mtu mzima akae naye, amtazame. Siku hizo ngoma ipigwe nyumba ya pili.

Ndugu zangu, haya yote hayadai mali nyingi. Yanadai bidoni ibebwe na mwingine, sahani itolewe kwanza, chandarua kibaki mahali pake, na mtu mmoja aliyepewa neno. Familia kubwa ni baraka yetu sisi watu wa Haut-Lomami; mikono mingi ikiwa nyumbani, kwa nini mzigo ubaki kwa miwili?

Jioni hii, kabla hamjalala, kaeni pamoja mchague ni nani atakayesema “twende.” Mwambieni jina lake mama wa mimba, alale akilijua.