Semina mnapiga makofi, kwenye posa mnamkataa

Leo sina mshono mpya wala mapambo ya ukumbi. Nina donge rohoni, na kulinyamazia nimeshindwa.

Juzi nilikwenda ofisi moja hapa mjini kuwapima wafanyakazi sare. Nikakuta semina haijesha, daktari anawaelimisha kuhusu kuchangia figo. Nikakaa nyuma na tepu yangu shingoni nikasikiliza. Alieleza mgonjwa wa figo anavyolazwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, na kwamba Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017, ikitolewa na ndugu aliye hai. Watu walifuta machozi. Makofi, sambusa, picha ya pamoja.

Haya, nikaanza kupima. Dada mmoja mwenye cheo chake, ambaye kwenye semina aliuliza maswali matatu, nimemzungushia tepu kiunoni anamwambia mwenziwe: "Kutoa watoe, lakini mwanangu haoi mtoto wa figo moja. Atazaa na nini?" Wakacheka.

Mimi sikucheka. Dukani kwangu lilikuwepo gauni la bi harusi aliyempa kaka yake figo. Aliniomba ubavuni niweke bitana nzito. Nikamwambia kovu lenyewe gauni halilioneshi, unaficha nini? Akasema anaogopa hata siku ya singo, kwa sababu posa ya mwanzo ilivunjwa na wakweze watarajiwa kwa kovu hilo hilo. (Ruhusa ya kuandika kanipa mwenyewe.)

Dada zangu, kizazi hakikai kwenye figo! Mwenye afya njema huishi na figo moja, na ndio maana kabla ya kukubaliwa kutoa hupimwa kila kitu. Kuzaa anazaa. Madaktari humshauri asubiri kwanza baada ya upasuaji, na akishika mimba awahi kliniki, kwa sababu hatari ya presha ya mimba huongezeka kiasi. Sifichi hilo. Lakini mbona mimi nina figo zangu mbili na presha ya mimba niliipata? Nani alinirudisha kwetu?

Wengine wanasema dini hairuhusu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1988 likaruhusu aliye hai kutoa kiungo kwa masharti: atoe kwa hiari yake, asijiangamize, na kisiuzwe. Mwenye shaka akamuulize sheikh wake, asiulize wanawake wa kwenye foleni ya pilau. Na ile aya ya 32 ya Surat Al-Maida kuhusu kuokoa nafsi moja, tunaisomesha watoto madrasa halafu aliyeifanyia kazi tunamuona kilema.

Nyinyi mnaoandaa hizo semina nanyi nina neno lenu. Mtoaji figo anahitaji wiki kadhaa apone. Siku ile hakuna aliyeuliza: nikimpa mama yangu figo, likizo nitapata? Mshahara utakatwa? Nikirudi nitabebeshwa maboksi ya mafaili? Andikeni hayo kwanza, mtu ajue, ndiyo mumwite daktari. Na siku nyengine waiteni na kina mama wa nyumbani, maana mfanyakazi anaweza kukubali ofisini saa nne, akifika kwao jioni shangazi mmoja tu anamaliza kazi yote.

Gauni nimeshalimaliza. Bitana nimeweka ya kawaida, bi harusi mwenyewe kanipigia simu akasema iache.

Na wewe dada wa kiunoni, sare yako iko tayari. Njoo uichukue mwenyewe, usimtume mtoto. Nina maneno nawe.