Maua ya harusi kwenye friji ya mama

Leo nina kisa cha maua, na wewe unayekimbilia ukurasa wa michezo, hebu tulia kwanza.

Mdogo wangu wa kike alipovishwa pete mwaka 2021, mimi na kiherehere changu nikasimama mbele ya ukoo: "Maua ya harusi niachieni!" Nilishaulizia bei ya lili hapa Arusha, nikatoka jasho. Nikaona bora nipande mwenyewe. Si harusi ni Desemba 2023 bwana, haraka ya nini?

Mshikaji wangu mmoja anayefanya kazi maabara akanipa chupa. Ndani, juu ya kitu kama jeli, vilikaa vijitunguu 20 vyeupe, vidogo kama mbaazi. Ni mambo yale yale ya migomba ya tishu. Wanakata kipande cha kitunguu cha lili, wanakisafisha, wanakilisha sukari na madini, nacho kinazaa vitoto. Ukianza na mama asiye na virusi, watoto wanatoka wazima na wanafanana naye.

"Vinatoa maua baada ya miezi mingapi?" nikauliza.

Jamaa alicheka mpaka akakaa chini. "Miezi? Kaka, hesabu miaka! Miwili, mitatu hivi."

Kumbe vitoto hivyo vina usingizi wa pono. Bila baridi ya nyuzi kama 4 kwa wiki 8 hadi 12, vingi vinagoma kuota. Basi nikaosha jeli yote, maana sukari ikibaki inaleta ukungu, nikavifukia kwenye kopo la vumbi la makumbi lenye unyevu kidogo, nikasukumiza kwenye friji ya mama. Chini kwenye mboga, siyo kwenye barafu.

Jumapili moja nasikia sauti jikoni: "Vitunguu saumu gani hivi havina hata harufu?" Mama alishamenya sita na kuwatupia kuku. Jamani! Nikabaki na 14.

Juni nikavipanda kwenye udongo mwepesi wenye mchanga, kivulini. Mwaka mzima kila kimoja kikatoa vijani tu, shina hakuna. Mimi kwa huruma nikawa namwaga maji asubuhi na jioni, vitano vikaoza makalio. Lili haipendi kukaa kwenye tope, nimejifunza kwa machungu.

Katikati ya 2022 nikaving'oa, friji tena, nikavirudisha ardhini. Safari hii mashina yakatoka, na Novemba vitumba vikachungulia. Mwenzenu nikaanza kuringa mtaani. Yule mshikaji akaja, akatazama, akasema vitoe vyote. Vitumba vinakula chakula cha kitunguu, na vitunguu vyangu bado vilikuwa vidogo. Nilivikwanyua huku nimefumba macho, wallahi.

Ila alisema kweli. Baada ya friji ya 2023 nilishika vitunguu tisa, kila kimoja kama yai dogo la kuku. Mwisho wa Agosti nikavizamisha sentimita 15, maana lili inaota mizizi mingine kwenye shina, juu ya kitunguu. Hesabu yangu ilikuwa Desemba.

Oktoba bwana harusi akaingia mitini. Simu haipokei, kwao wanasema kasafiri. Kadi zilishachapwa. Nyumbani hakuna aliyethubutu kutaja neno harusi, na mimi kila asubuhi nilimwagilia kama mwizi.

Maua hayajui habari za watu. Wiki ile ile ya harusi yakafunguka, meupe, yote tisa. Nikafikiria kuyafyeka usiku asiyaone.

Nilichelewa. Nilimkuta bustanini na mkasi wa mama, anakata taratibu, anaacha majani ya chini.

"Si ulisema majani ndiyo yanalisha kitunguu?"

"Ndiyo."

Nikamwonyesha kutoa vile vichwa vya unga wa njano, maana vinachafua nguo vibaya sana. Akavitoa kimoja kimoja, akaweka maua nane mezani kwa mama. La tisa hakuligusa.

"Kaka," akasema, "yule rafiki yako wa maabara, chupa nyingine anauza shilingi ngapi?"

Tukutane Jumamosi ijayo, panapo majaliwa.