Koti Zito na Ushauri Mwingine wa Kilimanjaro

Desemba ikikaribia, vikundi vinavyotaka kuwa kileleni tarehe 9, siku ya Uhuru, huanza kugawiana ushauri wa nini cha kubeba. Mwingi hutoka kwa watu ambao mlima wameuona wakiwa harusini Marangu. Mimi nimepanda mara mbili. Mara ya kwanza niliufuata ushauri wote, kwa hiyo nina deni la kuujibu.

"Beba koti moja zito, yatosha." Huu ndio unaotesa wengi. Lango la Marangu liko chini kidogo ya mita 2,000, na kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Joto hupungua kama nyuzi sita kwa kila mita elfu unazopanda. Maana yake unaanzia msituni ukivuja jasho, na siku chache baadaye unatembea usiku wa manane, maji yanaganda. Koti zito halijui katikati: ukilivaa unalowa, ukilivua unatetemeka. Na kulowa ndiko kubaya zaidi, kwa sababu nguo yenye maji hunyonya joto la mwili haraka kuliko nguo kavu. Zile fulana za pamba tulizogawiwa kwenye kampeni hunywa jasho na kukaa nalo mgongoni. Jinzi ndiyo usiseme: ikilowa siku ya pili, utaivaa mbichi hadi urudi Moshi. Vaa nguo kwa tabaka. Ya ndani iwe ya kukauka upesi, ya kati ya kutunza joto, ya juu ya kuzuia upepo na mvua. Jua likiwaka unavua moja, wingu likishuka unairudisha.

"Wagumu wapo, jaza begi." Wagumu ndilo jina wanalojiita wapagazi wa Kilimanjaro, na wamelipata kwa haki. Lakini mzigo wa mgumu mmoja una kikomo, kilo 20, na mizani ipo langoni. Humo hamna begi lako tu. Hema, vyombo, mitungi ya gesi na chakula cha siku zote navyo vinataka mabega. Ndiyo maana waongozaji wengi humtaka mpandaji asizidishe kilo 15. Langu lilisoma 19. Kiongozi akaniambia kwa upole, "Dada, tufungue tuone." Mbele ya watu nikatoa jinzi mbili, pafyumu, viatu vya kubadilisha jioni, na taulo la kuogea lenye ukubwa wa shuka. Kuogea wapi? Mlimani unaletewa beseni la maji ya vuguvugu, unanawa uso na miguu, basi. Kijana ambaye angebeba taulo lile kichwani alikuwa amesimama pembeni, raba zake zimeshonwa kwa uzi wa nailoni. Sikumtazama machoni hadi siku ya tatu.

"Funga nguo kwenye rambo zisilowe." Wazo si baya, ila mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Tafuta mfuko mzito usiopitisha maji, na cha kwanza kuingia humo kiwe mfuko wa kulalia. Soksi zikilowa utavumilia. Huo ukilowa, usiku hauishi.

"Beba katoni ya maji ya dukani." Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini. Wagumu huchota maji ya vijito, yanachemshwa au kutiwa dawa, nawe unajaza chupa yako ngumu. Usiku wa kwenda kileleni iweke kichwa chini. Maji huanza kugandia juu, hivyo mdomo wa chupa utabaki wazi. Wenye mrija wa kunyonyea watakuja kukuomba maji alfajiri, kwa kuwa mrija huganda mapema.

"Mwenye mazoezi haugui mlima." Mazoezi husaidia miguu na pumzi, lakini hayakukingi na ugonjwa wa kimo. Nimeona mkimbiaji akitapika Horombo, mita 3,720, huku mama mwenye kitambi akimpita taratibu. Kinachosaidia ni siku. Kama ratiba ina nafasi ya kuongeza siku moja ya kuzoea hewa, ilipie hiyo kabla ya kununua kifaa chochote. Vidonge vya kusaidia mwili kuzoea vipo, muulize daktari kabla ya safari. Ila kichwa kikizidi kuuma na mwendo ukaanza kuyumba, dawa ni kushuka.

"Vifaa lazima viagizwe Ulaya." Hapana. Moshi wanakodisha makoti, fimbo na mifuko ya kulalia, na kwenye mitumba ya Memorial mwenye jicho hupata jaketi zuri. Viatu tu ndivyo usikodi. Vinunue mapema, uvitembelee wiki kadhaa, na siku ya safari panda basi ukiwa umevivaa. Begi likipotea njiani, mengine utaazima.

"Chukua pawabenki tatu, baridi inaua chaji." Baridi inaua chaji kweli, hapo hawakukosea. Lakini hata hizo tatu zitakufa zikilala kwenye begi nje ya hema. Chukua moja, uivike soksi, ulale nayo tumboni pamoja na simu na betri za tochi ya kichwani. Saa sita usiku kiongozi akigonga hema, tochi itawaka.