Dawa Kongwe kwa Vichanga Wetu

Maambukizi ya damu yamwingiapo mtoto aliyezaliwa juzi, tabibu hana muhula wa kungoja majibu ya maabara, kwani saa chache tu zaweza kuamua uhai na mauti. Ndipo humchoma sindano ya ampisilini pamoja na jentamaisini, kama lilivyonasihi Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi, akitaraji kuwa bakteria waliomo mwilini hawajazizoea. Taraja hiyo imekwisha dhoofu. Uchunguzi uliofanywa baina ya mwaka 2018 na 2020 katika hospitali 19 za nchi 11, juu ya vichanga zaidi ya 3,200, ulibainisha kuwa katika kila mia walifariki kiasi cha kumi na mmoja, na kwamba Klebsiella, bakteria mashuhuri kwa usugu wake, ndiye aliyeonekana mara nyingi kuliko wote.

Kwa sababu hiyo nauunga mkono utafiti wa NeoSep1, ulioanzia Afrika Kusini na Kilifi, pwani ya Kenya, ambamo dawa za fosfomaisini, flomoksefu na amikasini zinajaribiwa mbili mbili kwa pamoja. Wako wanaonung'unika kuwa wana wetu wamefanywa vyombo vya majaribio. Walakini kumpa mtoto dawa iliyokwisha shindwa nako ni kubahatisha, tena kubahatisha kusikomfunza mtu neno, ilhali katika utafiti mzazi huombwa idhini, na matabibu wa kila hospitali huziweka kando kwanza dawa zisizofaa kwa usugu wa mahali pao, ndipo kura ikapigwa baina ya zilizosalia.

Hofu yangu iko kwingine. Fosfomaisini ilitangazwa na wataalamu mwaka 1969, baada ya kugunduliwa Hispania, na flomoksefu imetumika Japani kwa miongo kadhaa. Dawa kongwe namna hii aghalabu hazimshughulishi mwenye kiwanda, maana hataza yake imekwisha na faida yake ni haba, hata zaweza kufuzu katika utafiti kisha zikaadimika katika hospitali zile zile zilikojaribiwa. Basi ni faradhi kwa serikali zetu kujiandaa tangu sasa kuzisajili, kuziagiza kwa pamoja ili bei ishuke, na kuzihifadhi zisitolewe ovyo kwa kila homa, zisije zikapatwa na yaliyoipata jentamaisini. Mzazi wa Kilifi aliyeridhia mwanawe aingizwe katika utafiti ana haki ya kuikuta dawa iliyothibitika papo hapo Kilifi, kwa bei anayoimudu, siku atakayojaaliwa mtoto mwingine.