Valizi Imejaa, lakini Dawa Yako Iko Wapi?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu kabla bwana hajarudi kazini, leo hatusemi juu ya kofia ya chuma wala juu ya viatu vya mgodini. Leo tunasema juu ya valizi.

Kila mmoja wetu hapa Kisangani amekwisha kuona namna valizi ya kwenda ngambo inavyofungwa. Jioni jamaa wote wanafika. Shangazi analeta mafuta ya ngazi katika chupa. Shemeji analeta samaki wa moshi. Jirani wa Mangobo naye ana kifurushi cha mtoto wake aliye Ulaya, «kidogo tu, baba, hakina uzito». Mwishoni valizi inatundikwa kwenye mizani, kilo 23 zimepita, na watu wanaanza kutoa vitu. Je, wanatoa nini? Hawathubutu kugusa chupa ya shangazi. Wanatoa mfuko wa dawa wa msafiri mwenyewe, au wanausukuma chini kabisa, kati ya viatu.

Mimi pia nilifanya hivyo. Nilitumwa kwenye mafunzo, na vidonge vyangu vya tansio viliingia katika valizi kubwa iliyokwenda chini ya ndege. Valizi ilichelewa siku nne. Siku ya tatu kichwa kilinigonga kama nyundo, na damu ikanitoka puani mbele ya wenzangu darasani. Mganga wa kule aliniuliza jina la dawa. Nilijua rangi yake tu: nyeupe, yenye mstari katikati. Mtu mzima, kapita kwa miaka mingi, sikujua jina la kitu ninachokimeza kila asubuhi!

Kwa hiyo nasema: dawa ni ya mkononi. Yule wa tansio, yule wa sukari, yule wa pumu, yule wa SS, wote wabebe dawa zao katika mfuko wanaokaa nao ndani ya ndege, katika pakiti zake zenyewe, si katika karatasi ya daftari. Hesabu siku za safari, kisha ongeza za wiki moja. Na mganga akuandikie barua. Aandike jina la dawa yenyewe, si jina la kiwanda, kwa maana jina la kiwanda linabadilika kutoka nchi hadi nchi. Ukienda Uganda, Kenya au India, omba barua hiyo kwa Kiingereza, au umtafute mwalimu aigeuze. Ni kazi ya dakika kumi.

Kuna dawa moja ambayo napenda kuitaja kwa jina, kwa sababu wengi wetu tunaitumia kwa mgongo: tramadoli. Hapa inauzwa kama karanga. Lakini katika Falme za Kiarabu, pale Dubai wanakokwenda wachuuzi wetu, sheria inaihesabu pamoja na dawa za kulevya, na kodeini vilevile. Bila kibali kilichoombwa mbele ya safari, vidonge vichache mfukoni vinaweza kukupeleka gerezani. Kama mgongo unakuuma, mwambie mganga akupe dawa nyingine ya safari.

Sasa tufike kwenye karte ya manjano. Hapa sitasema kwa upole.

Kuna watu wanaonunua karte bila kupigwa shindano. Wanaona ni ujanja. Mwaka 2016 homa ya manjano ilipowaka Angola na kuingia kwetu Kongo, watu 11 walifika China na ugonjwa huo mwilini, wote wakitokea Angola. Haijapata kuonekana hivyo katika bara la Asia mbele ya hapo. Walikuwa watu waliokwenda kutafuta maisha mbali na kwao, kama sisi. Karte ya kununua inampita polisi wa mpaka, lakini mbu hasomi muhuri.

Sikilizeni vizuri juu ya siku. Shindano linahesabiwa kuwa halali baada ya siku 10, si siku ile ile. Na nchi kama India haina mchezo: mtu anayetoka kwetu bila karte halali anaweza kufungiwa peke yake mpaka siku 6. Fikirini sasa jamaa iliyouza kiwanja ili kumpeleka baba kupasuliwa huko India. Wamelipa ndege, wamelipa hospitali, na mgonjwa anaanza kwa kulala siku 6 ndani ya nyumba ya karantini kwa ajili ya karatasi.

Tangu Julai 2016 shindano moja linatosha kwa maisha yote. Karte ya zamani iliyoandikwa «miaka 10» inaendelea kuwa halali, hata kama miaka hiyo imepita. Lakini yule aliyepata shindano Kinshasa katika kampanye ya Agosti 2016 ajue kwamba kipimo kile kilikuwa sehemu moja ya tano. Kilimkinga wakati ule wa hatari, lakini hakimpi haki ya karte ya safari. Inafaa apate kipimo kizima. Mama mwenye mimba, mtoto chini ya miezi 9, mzee aliyepita miaka 60 ambaye hajapata kuchomwa, na mtu mwenye ulinzi dhaifu wa mwili, hao wasikimbilie shindano: wamwone mganga kwanza, yeye anaweza kuwaandikia barua ya kuwasamehe.

Na hapa nitasema neno ambalo wakubwa wengine hawatalipenda. Mara nyingi mfanyakazi anapewa barua ya misioni siku tatu mbele ya ndege. Siku tatu! Wapi atapata zile siku 10? Ndipo anatafuta karte ya kununua, kisha tunamhukumu yeye peke yake. Barua ya misioni itoke wiki tatu mbele, au isitoke. Hilo ni jambo la usalama kama vile kufunga kamba kabla ya kupanda juu.

Vitu vingine nitavipitia upesi. Betri ya kuchajia simu ibaki nawe mkononi, isiende chini ya ndege, maana ikiwaka moto huko hakuna wa kuizima. Nyama ya aina yoyote hairuhusiwi kuingia Ulaya katika valizi ya msafiri, na nyama ya pori ni mbaya kuliko zote. Samaki aliyekaushwa anaweza kupita, kwa hiyo shemeji asikasirike.

Na wewe kijana unayetoka machimbo ya dhahabu ya Banalia au Bafwasende, zebaki isiingie kamwe katika mizigo yako ya ndege, hata katika kichupa cha dawa ya macho. Ni marufuku. Ndege imejengwa kwa aluminiamu, na zebaki inaila aluminiamu. Wewe umezoea kuona namna inavyoshika dhahabu. Ikimwagika juu ya chuma cha ndege inashika vivyo hivyo, na uharibifu unaendelea kimya kimya. Utaua watu wasiokujua.

Mwisho ni malaria, nayo haihitaji nafasi katika valizi. Inasafiri ndani ya damu. Unaweza kuondoka Bangoka mzima kabisa, na homa ikakukamata wiki mbili baadaye katika mji wa baridi. Mganga wa kule ataona homa na kukupa dawa ya mafua, kwa sababu malaria hajaizoea. Usingoje akuulize. Mwambie: «Natoka Kongo, nipimeni malaria.» Sema hivyo kwa homa yoyote inayokuja katika miezi mitatu baada ya kuondoka. Na yule aliyekaa ngambo mwaka mmoja au miwili asirudi akijiona mwenyeji. Mwili wake umepoteza mazoea, na mtoto aliyezaliwa kule hajapata kuyajua. Chandarua kiwe tayari kitandani kabla hawajafika, na homa ikiwashika wapelekwe hospitali siku ile ile.

Maneno hayo, «Natoka Kongo, nipimeni malaria», yaandike katika karatasi kwa lugha ya nchi unayokwenda. Iweke ndani ya paspoti.